FEDHA YA MBOLEA INA MWENYEWE

Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, Serikali iliuzindua kule Mbeya mpango wa ruzuku ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa DAP au wa urea ukatangazwa kuwa Sh. 70,000, ilhali dukani bei ilikuwa imekwisha kuvuka Sh. 120,000. Kwa mwaka wa 2022/23 zilitengwa Sh. bilioni 150. Jambo hilo lilikuwa jema, nasi twalisifu. Lakini yafaa wasomaji wetu wajue fedha hiyo yapita wapi.

Haipiti mkononi mwa mkulima. Yeye huandikishwa kijijini kwake, hupewa namba, huenda nayo kwa wakala na kulipa sehemu yake. Sehemu iliyobaki Serikali humlipa mfanya biashara aliyeleta mbolea. Basi kila shilingi ya ruzuku hulipwa mfanya biashara kwa jina la mkulima. Jina hilo likitumiwa na mtu mwingine, mwenyewe hana habari hata mvua zipite.

Hatusemi haya kwa kumdhania mtu mabaya. Mpango wa vocha uliotangulia, ule wa tangu 2008, uliacha ugomvi. Mawakala walidai malipo ya msimu wa 2015/16, Serikali ikajibu kwamba madai lazima yahakikiwe kwanza, maana miongoni mwake yalikuwamo ya uongo. Wakala mwaminifu na mwizi wakasimama katika foleni moja. Kumcheleweshea mwaminifu ni kumwadhibu kwa kosa la mwenziwe, na duka lake likifungwa, anayerudi nyumbani mikono mitupu ni mkulima.

Sasa tutazame Tarime na Serengeti. Tarime ina ardhi ya milimani, kahawa, ndizi na mahindi, tena ina mpaka wa Sirari. Agosti 2023 Serikali ya Kenya nayo iliteremsha mfuko wake wa ruzuku hadi Sh. 2,500 za huko. Bei mbili za ruzuku zikikutana katika mji mmoja wa mpakani, mlanguzi hakosi kazi. Wala rahisi si lazima iwe njema: mwaka 2024 huko huko Kenya iligunduliwa mbolea bandia ndani ya mpango wenyewe wa ruzuku.

Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, taabu ni ya namna nyingine. Wakala hupenda kukaa mjini Mugumu, penye wanunuzi wengi. Mkulima wa kijiji cha mbali hulipa nauli ya pikipiki, yake na ya mfuko, na kwa njia hiyo nafuu aliyopewa huliwa barabarani. (Kinachosalia shambani huenda kikaliwa na tembo wa Hifadhi, ambao hawana habari ya ruzuku.)

Twataka mambo mawili. Vyama vya msingi vya ushirika vyenye maghala vipewe uwakala, kwani huwajua wanachama wao kwa sura. Na katika kila kijiji orodha ya majina, pamoja na idadi ya mifuko iliyonunuliwa kwa kila jina na wakala aliyelipwa, itundikwe ukutani mwa ofisi na kusomwa kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria yautaka kila miezi mitatu. Wakala ambaye orodha yake haikupingwa alipwe mara moja. Orodha hiyo isomwe mbolea ingali inatiwa shambani, siyo baada ya mavuno.