Wakili wa kampuni, usingoje kesi

Ukisikia "wakili wa kampuni", unawaza msee wa suti anayengoja bosi ashtakiwe. Sasa kumbuka Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 korti iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, lakini rufaa zikavuta kesi hadi Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Pesa hazirudishi afya.

Wakili wa nje huitwa nyumba ikishawaka. Wa ndani huiona kandarasi kabla ya sahihi, na ripoti ya athari kwa mazingira kabla mtambo haujawashwa. Anajua Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuthibitisha kuna aliyeumia. Akinyamaza, hawezi kudai hakujua.

Kwa hivyo wewe unayesomea sheria, ukiipata hiyo kazi, mwambie bosi "hapana" mapema, tena kwa maandishi. Mshahara ni mtamu, sawa. Lakini usipoziba ufa, ukuta watajengewa watoto wa mtaani.