Mambo ya Nyumbani: Mwuguzi na Mtungi wa Maji

Wako wengi wadhanio ya kuwa kazi ya mwuguzi ni kufunga vidonda na kupiga sindano tu. La, sivyo. Kazi yake ni pia kuwafundisha walio wazima wasiugue, na wauguao wasizidiwe. Leo twanena habari ya watoto waharishao.

Katika nyumba nyingi mtoto akiharisha hunyimwa maji, kwa kuwa husemwa yatamwendesha zaidi. Kumbe kinachomwua mara nyingi ni kupungukiwa na maji na chumvi mwilini. Basi mtoto hufa kwa kiu, na mtungi umejaa pale pale.

Mwuguzi mwenye hekima hamkaripii bibi wa nyumba. Humsikiliza kwanza, kisha huomba kikombe na kijiko, akamwonyesha. Dawa ya unga itolewayo zahanati ndiyo bora. Isipopatikana, twaa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Chumvi isizidi, maana hudhuru. Sukari huisaidia chumvi kupenya utumboni, na maji hufuata. Mnyweshe kidogo kidogo, wala asiachishwe kunyonya. Macho yakididimia, au choo kikiwa na damu, au akilegea asiweze kunywa, mpelekeni hospitali upesi.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1971 kipindupindu kiliwashika wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, na dawa ya kutia mishipani haikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa maji ya chumvi na sukari, na jamaa zao wakawanywesha. Vifo vikashuka kutoka kadiri ya 30 kwa mia hata chini ya 4.

Hata hivyo, kuzuia kwapita kuponya: choo kitumiwe, maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.

Ninyi walimu, wafundisheni watoto vipimo hivi, wavipeleke nyumbani. Nanyi wazazi, mwuguzi apitapo kwenu, mpeni kiti, mkamwulize mtoto angali mzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.