Fuwele za Mkojo ni Shahidi, si Hakimu

Msomaji mpenzi, usikunje pua. Najua mkojo si mada ya kuandikiwa katika jarida la heshima kama hili letu, lakini aliyewahi kumsikia mtu mzima akilia usiku kucha kwa ajili ya jiwe la figo hatanicheka.

Mjomba wangu alilia hivyo. Jiwe la kwanza lilipomtoka lilitumbukia chooni, naye akamshukuru Mungu, basi. Kwenye zahanati alitoa mkojo asubuhi, chupa ikakaa mezani hadi alasiri. Ulipotazamwa kwa hadubini zikaonekana fuwele, yaani vichembe vyenye pande zilizonyooka kama vya chumvi. Zilikuwa na umbo la bahasha. Akaambiwa, "Hizi ni za kalisiamu oksaleti, na jiwe lako lilikuwa la aina hiyo hiyo." Mchicha marufuku, karanga marufuku! Mwaka uliofuata maumivu yakarudi. Safari hii alilikinga jiwe kwa chujio la chai (mkewe hajamsamehe mpaka leo), nalo likapimwa lenyewe. Kumbe ni la asidi ya yuriki!

Sasa mimi nasema, fuwele zisidharauliwe, ila zisipewe kiti cha hakimu. Hata mimi na wewe tulio wazima twaweza kuwa nazo. Mkojo ukipoa chupani nyingine hujiunda humo humo, hazikutoka mwilini kabisa. Tena fuwele hufuata chakula cha jana na maji uliyokunywa, ilhali jiwe limejengeka kwa miezi, pengine miaka, na mara nyingi limechanganyika.

Kweli, zipo ambazo ushahidi wake ni mzito. Zile bapa za pande sita ni za sistini, na mwenye nazo ana ugonjwa wa kurithi. Hata hivyo Wollaston, yule Mwingereza, alipoitambua sistini mwaka wa 1810, aliipata katika jiwe la kibofu. Zile mfano wa kifuniko cha jeneza, zikiandamana na usaha na bakteria, humfanya daktari ashuku jiwe la struviti. Hizo sibishani nazo. Lakini za bahasha? Ni za kawaida mno, ati!

Wengine watasema kupima jiwe ni gharama. Sawa, lakini hebu tazama: jiwe la asidi ya yuriki laweza kuyeyushwa kwa dawa ya kupunguza asidi ya mkojo, kama vile sitrati ya potasiamu. Lile la kalisiamu oksaleti haliyeyuki hivyo. Mjomba alinyimwa karanga mwaka mzima, na dawa iliyomfaa hakuipewa. Hiyo si gharama?

Laiti angeambiwa siku ile ya kwanza alikinge jiwe! Siku hizi chujio lake limetundikwa nyuma ya mlango wa choo, na ole wake mtoto atakayeligusa.