Moshi wa Alfajiri Stendi



Mwezi Juni na Julai baridi ya Njombe na Makambako huwa kali. Alfajiri injini ya dizeli ikiwa bado ya baridi haiunguzi mafuta yote, hivyo hutoa moshi mzito. Madereva huiacha ingurume muda mrefu "ipate moto", huku akina mama wenye watoto mgongoni wakisubiri nyuma ya basi. Moshi huo huchochea pumu. Na mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa huleta saratani ya mapafu.

Ndugu dereva, dakika chache zatosha. Ondoka polepole, injini itapata moto njiani. Mama, kaa mbali na bomba la moshi. Kumpenda jirani ni pamoja na kumwachia hewa safi.