Tajiri na Mali Yake, Mpira na Wenyewe

  Nimeshika kalamu niichokoze ile mada inayowasha moto mabwenini kila ligi ya Uingereza inapoanza. Wako wanaosema kwamba tajiri akishanunua timu ni yake, na hakuna wa kumpangia atumie ngapi. Wako wanaosema kwamba matajiri wameuharibu mchezo, basi wafungiwe mfereji kabisa. Mimi nasema hivi: wakuu wa kandanda wana haki ya kumwekea tajiri mpaka, na uwezo wanao. Lakini mpaka waliouweka umepinda, na mpaka uliopinda huzua ugomvi badala ya kuumaliza.

Hebu kwanza tukumbushane tulikotoka. Fedha za tajiri mmoja katika kandanda si jambo la juzi. Jack Walker, aliyetajirika kwa biashara ya chuma, alimwaga mali yake katika Blackburn Rovers, timu ya mji aliozaliwa, na mwaka wa 1995 ikatwaa ubingwa wa Uingereza. Mwaka wa 2003 akaja Mrusi, Roman Abramovich, akainunua Chelsea. Timu iliyokuwa imelichukua taji la ligi mara moja tu, mwaka wa 1955, ikalichukua mara mbili mfululizo, 2005 na 2006. Mwaka wa 2008 Sheikh Mansour wa Abu Dhabi akaichukua Manchester City, na mwaka wa 2011 Wakatari wakaichukua Paris Saint-Germain. Hao wa Paris ndio waliotoa yuro milioni 222 mwaka wa 2017 kumng'oa Neymar kutoka Barcelona. Milioni 222 kwa miguu miwili, jamani!

Wakuu wa mpira hawakulala. Mwaka wa 2010 shirikisho la Ulaya, UEFA, lilipitisha kanuni ambayo kiini chake hata nyanya yangu angekielewa: usitumie kuliko unachochuma. Klabu huchuma kwa viingilio, fedha za televisheni, matangazo, jezi na kuuza wachezaji. Nayo Ligi Kuu ya Uingereza ikaweka kikomo chake, kwamba klabu isipate hasara inayozidi pauni milioni 105 katika miaka mitatu. Fedha za kujenga uwanja na kulea vijana hazikutiwa katika hesabu hiyo.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Je, wana haki ya kumzuia mtu kutumia mali yake? Wenzangu wengi husema, "Pesa ni zake, wacha atumie!" Hoja hii inavutia, ila ina tundu. Tajiri amenunua klabu, hakununua ligi. Manchester City haiwezi kucheza na kivuli chake, inahitaji timu nyingine 19 ndipo ligi iwe ligi. Na ukiingia katika chama unafuata katiba ya chama. Si hata sisi hapa shuleni tuko hivyo? Baba yako awe na magari kumi, sare ni moja na mlo ni ule ule wa maharagwe. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mwalimu mkuu amemnyang'anya mzazi mali yake.

Hoja yangu ya pili ni nzito zaidi. Tajiri huja na huenda, shabiki haendi kokote. Leeds United walikopa fedha nyingi wakafika nusu fainali ya Ulaya mwaka wa 2001. Mwaka wa 2004 wakashuka daraja, na kufikia 2007 walikuwa daraja la tatu. Portsmouth walitwaa kombe la FA mwaka wa 2008. Miaka miwili baadaye wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, na mwaka wa 2013 wakaporomoka hadi daraja la nne. Bury nao, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1885 na iliyowahi kulichukua kombe hilo mara mbili, walifukuzwa ligini mwaka wa 2019 kwa sababu ya madeni. Fikiria mzee aliyepelekwa uwanjani na babu yake, naye akampeleka mjukuu wake, halafu Jumamosi moja anakuta lango lina kufuli. Huyo alikosa nini?

Hata Chelsea ilionja. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Uingereza ilifunga mali za Abramovich, na kwa muda klabu haikuruhusiwa kuuza tikiti mpya. Mei mwaka huo ikauzwa. Bingwa wa Ulaya mwaka mmoja, mwaka unaofuata unasubiri kibali ili uishi! Nyumba iliyosimama juu ya nguzo moja haikosi kutikisika.

Msidhani haya ni ya Wazungu tu. Januari 2018, baada ya kodi ya kamari kupandishwa, SportPesa iliondoa ufadhili wake katika michezo nchini, na Gor Mahia na AFC Leopards zikajikuta bila mfadhili. Klabu za wananchi, zenye mashabiki tele, zilitetemeka kwa sababu mfuko mmoja umefungwa.

Lakini mgala muue na haki umpe. Wanaolalamika kwamba kanuni hizi zinawalinda wakubwa wana jambo. Ukisema kila mtu atumie kulingana na anachochuma, basi Real Madrid na Manchester United, ambao wamechuma kwa miaka mingi, wana ruhusa kubwa kuliko Brentford, na watakuwa nayo hata kesho. Aliye nacho anaongezewa, asiye nacho anaambiwa asithubutu kuota. Tazama Newcastle United. Mwaka wa 2021 ilinunuliwa na kundi linaloongozwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, fedha si tatizo hata kidogo. Mwaka wa 2024, ili isivunje kanuni, ilimuuza Elliot Anderson, kijana waliyemlea wenyewe tangu utotoni. Kwa nini yeye? Kwa sababu mchezaji uliyemlea hukumnunua, kwa hiyo bei yake yote huandikwa faida. Kanuni iliyokusudiwa kuilinda klabu imeifanya imuuze mtoto wake wa kuzaa!

Tena kuna wajanja. Chelsea iliuza hoteli mbili zilizo kando ya uwanja wake kwa kampuni ya wenye klabu hao hao, kwa pauni milioni 76.5, na hesabu ikakaa sawa. Huko si kutoa mfuko wa kushoto na kutia wa kulia? Na kanuni za ligi hazikuwakataza.

Kibaya zaidi ni hukumu. Everton walinyang'anywa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa kuwa 6 Februari iliyofuata. Nottingham Forest nao wakapoteza 4 Machi 2024. Lakini Manchester City walishtakiwa na ligi Februari 2023 kwa makosa yanayozidi 100, na kesi ikaanza kusikizwa Septemba 2024. Kabla ya hapo, mwaka wa 2020, UEFA iliwafungia miaka miwili, wakakata rufani katika mahakama ya michezo, wakaachiliwa, na faini ikashuka kutoka yuro milioni 30 hadi 10. Baadhi ya madai yalikuwa yamepitwa na muda. Sisemi City wana hatia. Wao wamekana, na mshtakiwa si mkosaji mpaka athibitishwe. Nasema tu kwamba hukumu inayomfikia mdogo kwa miezi na mkubwa kwa miaka humfanya shabiki aamini kuna sheria mbili.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu. Kwanza, kikomo kiwe kiasi kimoja kwa wote, si asilimia ya pato. Wamarekani katika ligi yao ya NFL wana kikomo kama hicho tangu 1994. Ila kiwekwe na UEFA kwa Ulaya nzima, maana nchi moja ikijifunga peke yake wachezaji watahamia jirani. Pili, chini ya kikomo hicho tajiri aruhusiwe kutoa, lakini aweke benki mapema fedha za mishahara ya mkataba wote, ili akichoka kesho asiache deni mlangoni. Tatu, hukumu itolewe kabla ya msimu unaofuata kuanza, kwa mkubwa na kwa mdogo.

Na wananchi wasisahauliwe. Ujerumani ina kanuni inayowapa wanachama kura nyingi katika klabu zao, isipokuwa klabu chache kama Bayer Leverkusen na Wolfsburg. Mwaka wa 2025 Uingereza nayo ilipitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa kandanda, wa kuwachunguza wanaotaka kununua klabu. Hii yaonyesha kwamba uwezo upo. Kilichokuwa kikikosekana ni moyo.

Najua mashabiki wa City na Chelsea watanivamia nikienda kuchota maji. Karibuni! Lakini njooni na hoja, si kelele, na mwenye kalamu aijibu makala hii katika toleo lijalo. Yangu yameishia hapa. Kwaherini.