Kuuza Vizuri na Kuongoza Vizuri Ni Kazi Mbili



Juma hili tuzungumze juu ya jambo linaloonekana katika vikundi vyetu vingi, kutoka soko la Virunga hadi Kituku, kutoka Birere hadi Ndosho. Kikundi kinapotafuta mama wa kukiongoza, macho yote yanamwendea yule anayeuza kuliko wengine. Ikifika saa nne asubuhi, beseni lake la sambaza limekwisha, na majirani zake bado wanafukuza inzi. Anajua bei ya leo, anakisia bei ya kesho, na wateja wanamtafuta kwa jina. Basi wenzake wanamwambia: "Mama, wewe unajua biashara. Utuongoze."

Chaguo hilo lina maana. Mtu aliyeshindwa kutunza meza yake mwenyewe, ni nani atamkabidhi meza za watu ishirini? Lakini miezi michache ikipita, manung'uniko yanaanza. Mama prezidanti analalamika kwamba wenzake ni wazito. Wenzake wanalalamika kwamba anawatawala kama watoto. Mara nyingi hapo hakuna mvivu wala mkorofi. Kuna mama aliyepewa kazi mpya, naye anaifanya kwa namna ya kazi yake ya zamani.

Sisi walimu tunaliona hilo kila mwaka darasani. Mtoto anayepata hesabu zote si lazima awe ndiye anayeweza kumwelewesha mwenzake. Ukimketisha karibu na aliyeshindwa, mara nyingi atachukua kalamu na kumwandikia jibu. Daftari litakuwa safi, lakini mwenzake hajajifunza kitu.

Kinachohesabiwa kimebadilika

Muuzaji anahesabu jioni: nilitoka na kiasi gani, nimerudi na kiasi gani. Hesabu hiyo ni ya beseni moja. Kiongozi wa kikundi anahesabu mabeseni ya wengine. Tuseme kikundi kina wamama 20, na yeye peke yake anauza sana, huku 12 wanarudi nyumbani na mzigo. Kama muuzaji, amefaulu. Kama kiongozi, bado. Na siku ambayo ameuza kidogo kwa sababu alikaa na mama mgeni kumwonyesha jinsi ya kupima na kurudisha chenji bila kupoteza, siku hiyo amefanya kazi yake.

Hapa ndipo roho inapouma. Ule wepesi uliomfanya muuzaji hodari unaweza kuwa kizuizi. Muuzaji anakimbia mbele ya wengine kufika kwenye pirogi, lakini kiongozi anapaswa kutembea kwa mwendo wa kikundi. Muuzaji anaficha mahali anaponunua kwa bei nzuri. Kiongozi anayeficha hapo anakula pamoja na watu wake huku chumvi ameifungia mfukoni. Muuzaji anazungumza mpaka mteja akubali. Kiongozi anayezungumza namna hiyo katika mkutano atapata "ndiyo" kutoka kwa kila mmoja, na wakitoka nje hakuna atakayefanya.

Somo la barieri

Sisi wa Goma tuna mfano wetu wenyewe. Kabla ya mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walivuka Barieri Ndogo kila siku kati ya Goma na Rubavu, wengi wao wamama wenye mzigo kichwani. Kila mmoja alikuwa biashara yake mwenyewe: miguu yake, mdomo wake, mteja wake. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya Korona, mpaka ulifungwa kwa watu. Magari ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mama mwenye beseni hakuweza tena kuvuka.

Ndipo wafanyabiashara wadogo wa pande mbili walipoanza kukusanya bidhaa zao pamoja, zivuke kwa gari moja kwa niaba ya wengi. Tazameni jinsi kazi ilivyogeuka kwa ghafla. Mdomo mtamu haukutosha tena. Ilihitajika mtu wa kuandika: huyu ametoa nyanya kilo ngapi, yule ametoa maharagwe kiasi gani, zikiharibika njiani nani anabeba hasara, pesa zikirudi zinagawanywa namna gani. Ilihitajika mtu ambaye wengine wangemwachia mali yao bila kuwa pale kuichunga. Wako wauzaji wakali waliotatizika katika mpango huo, na wako wamama wapole ambao wenzao waligundua kwamba daftari lao halidanganyi.

Barieri ilitufundisha kwamba muuzaji anaaminiwa na mteja kwa dakika tano, lakini kiongozi anaaminiwa na wenzake hata wakati hawamwoni.

Namna ya kufundisha bila kunyang'anya

Mama prezidanti akiona mwenzake anashindwa, moyo unamwambia: "Ondoka hapo, nikuonyeshe." Anauza yeye, mzigo unaisha, kila mtu anapiga makofi. Kesho yake mama yule yuko pale pale alipokuwa, na sasa ameongezewa haya.

Katika ufundishaji tuna njia ya hatua nne, nayo inafaa sokoni sawasawa na darasani. Hatua ya kwanza: mimi nafanya, wewe unaangalia, na ninasema kwa sauti sababu ya kila ninachofanya. Nikikataa gunia la maharagwe, nieleze: haya yana unyevu, yatapungua uzito. Hatua ya pili: tunafanya pamoja. Hatua ya tatu: wewe unafanya, mimi naangalia na ninafunga mdomo mpaka mteja aondoke. Hatua ya nne: wewe unafanya peke yako, kisha unamfundisha mwingine.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Kumwona mwenzako anapoteza franka 500 ambazo wewe usingezipoteza kunauma. Lakini hizo ndizo ada ya shule. Kiongozi ajiulize tu: hasara hii ni ndogo ya kufundisha, au ni kubwa ya kuua mtaji? Ikiwa ndogo, avumilie, kisha wakae wawili pembeni. Asimsahihishe mbele ya wateja, maana mama aliyeaibishwa mbele ya watu hatauliza swali tena.

Fikirieni pia wale wamama wa Lomé, nchini Togo, waliojulikana kama Nana Benz kwa sababu ya magari ya Mercedes-Benz waliyonunua kwa faida ya vitenge. Hawakutajirika kwa kukaa kila mmoja nyuma ya meza moja. Walinunua kwa jumla na kuwagawia wauzaji wengi wadogo, na vitenge vikasambaa mbali na Togo. Na baadhi yao waliwalea mabinti wao ndani ya kazi hiyo hiyo, ambao waliiendeleza baada yao.

Sanduku lisiwe la mtu mmoja

Tuseme ukweli juu ya pesa, maana hapo ndipo vikundi vinapovunjika. Wengi wetu tuko katika likelemba au katika AVEC. Mpango huu wa AVEC ulianzia Niger mwaka 1991, ambapo shirika la CARE lilifanya kazi na wamama wa vijijini. Kanuni zake mnazijua: washiriki kama 15 hadi 25, hisa kuanzia 1 hadi 5 kila mkutano, kijitabu cha kila mshiriki, na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, na mwisho wa mzunguko, miezi 9 hadi 12, wanagawana.

Mnaona kwamba mama prezidanti hapewi ufunguo? Anayeongoza mkutano ni mmoja, anayeandika ni mwingine, wanaohesabu ni wengine, na wenye funguo ni wengine tena. Muuzaji hodari aliyezoea kufunga pesa zake mwenyewe katika kitambaa kiunoni anaweza kuona kwamba haaminiwi. Kinyume chake, kanuni hiyo inamlinda. Siku pesa zikipungua, hakuna atakayemnyoshea kidole yeye peke yake.

Kuna jambo jingine tunaloogopa kulitaja. Mama anayeongoza anapoteza saa za kuuza. Akienda kuonana na mwenye depo kwa ajili ya wote, meza yake imefungwa. Watoto wake wanakula nini siku hiyo? Kikundi kikinyamaza, atajilipa kwa siri, labda kwa kuongeza franka chache kwenye bei ya kununua, labda kwa kujichagulia mzigo mzuri kwanza. Tusimlazimishe kuwa mwizi kwa kunyamaza kwetu. Mkutano uamue wazi: nauli yake ni kiasi gani, siku ya safari analipwa nini, na meza yake inakaliwa na nani. Na yeye akubali sheria moja: mzigo ukifika, kiongozi anachagua wa mwisho.

Nyumbani nako aeleze mapema. Mume na watoto wakijua kwamba siku ya posho mama yuko mkutanoni mpaka saa tisa, wanaweza kugawana kazi. Wasipojua, kila mkutano utaishia kwa ugomvi.

Kwa nini jambo hili si dogo kwetu

Katika mji mwingine, kiongozi anayeshika kila kitu anachosha watu tu. Hapa Goma anaweza kukizika kikundi. Tarehe 17 Januari 2002, volkeno ya Nyiragongo ilitiririsha moto hadi katikati ya mji, na biashara nyingi zikabaki chini ya mawe. Tarehe 22 Mei 2021 ilirudia, na siku tano baadaye watu walitakiwa kuhama. Wengi walikimbilia Sake, wengine Rubavu, kila jamaa njia yake. Mwisho wa Januari 2025 vita iliingia mjini, benki zikafunga milango, na wengi walipoteza mali na makao.

Siku za namna hiyo hakuna anayejua nani atakuwa upande gani wa barabara. Kama namba ya simu ya mwenye depo iko katika kichwa cha mama mmoja, kama madeni yote anayajua yeye, kama wateja wakubwa wanamwamini yeye tu, basi akikimbia, akiugua, akijifungua au akifa, kikundi kimekwenda naye. Lakini kama wamama wanne wanajua kununua, watatu wanajua kuandika, na daftari lina nakala kwa mtu mwingine, waliobaki wataanza tena hata kwa mabeseni mawili. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi tuongeze kwamba kidole hicho hicho, hata kiwe na nguvu namna gani, siku kikijeruhiwa mkono wote hautakiwi kulala njaa.

Mambo ya kujaribu juma hili

Kwa mama anayeongoza: chagua kazi moja ambayo hufanywa na wewe tu, iwe kupatana bei na mwenye mzigo au kukusanya madeni. Mchukue mwenzako mmoja, uende naye, na umweleze sababu ya kila hatua. Safari ya pili, mwache azungumze yeye.

Kwa washiriki: msimpe prezidanti kazi zote kisha mkamlaumu kwamba anazishika zote. Kila mmoja aombe jukumu moja, dogo tu, na alitimize bila kukumbushwa.

Kwa kikundi kizima: katika mkutano ujao ulizeni swali hili bila ugomvi. Ikiwa mama prezidanti hatakuwepo kwa miezi mitatu, nini kitasimama? Andikeni majibu. Kila jibu ni somo ambalo bado halijafundishwa, na sasa mnajua mwalimu wake ni nani.

Na wewe mama unayeuza vizuri, usiogope wenzako wakijifunza yote unayoyajua. Wateja wako hawatakwisha. Soko lenye wauzaji kumi wazuri linavuta watu wengi kuliko soko lenye mmoja. Siku utakayofika umechelewa na ukute mzigo umenunuliwa vizuri, umeandikwa vizuri, umegawanywa kwa haki bila wewe kutoa neno, usione kwamba wamekusahau. Kaa chini, pumzika miguu, kisha uwaulize wamebakiza nini kwa ajili yako.