“Utazoea” Si Jibu kwa Anayeumizwa na Sidiria

Msichana akimwambia mama yake kwamba sidiria inamchoma ubavuni, inamwasha mgongoni na kumnyima utulivu darasani, jibu lake linajulikana hata kabla hajamaliza kusema: utazoea. Akilalamika tena ataambiwa anadeka. Akizidi, ataitwa shangazi amkalishe chini na kumweleza kwamba wanawake wote wamepita hapo, wakavumilia, na leo hawana habari. Nalipinga jibu hilo, na naipinga imani inayolizaa. Si kweli kwamba kila mwili huzoea. Wanaoambiwa hivyo wanaumia kila siku, na juu ya maumivu tunawafundisha kwamba kuumia kwao ni tabia mbaya.

Imani hiyo ina ukweli ndani yake, na ni haki kuutaja. Watu wengi huzoea nguo, tena kwa sababu ya kimwili. Ngozi imejaa vipokezi vya mguso. Baadhi yake huamka kitu kinapogusa mwili, kisha hunyamaza mara mguso unapotulia, na ubongo nao huacha kushughulika na taarifa zisizobadilika. Ndiyo sababu wewe unayesoma hapa pengine hukuwa ukiihisi kola yako wala mkanda wa saa mpaka nilipovitaja. Mama anayesema “utazoea” anasimulia yaliyompata yeye, na anasema kwa mapenzi. Kosa lake ni kuufanya mwili wake kuwa kipimo cha miili yote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wapo watu ambao mguso hauchujwi hivyo. Kwao mshono uliogusa ngozi asubuhi unagusa kwa ukali uleule saa kumi jioni, na pengine zaidi, kwa kuwa uchovu wa siku umekwisha kula nguvu za kuustahimili. Jambo hili si geni kwa sayansi. Zaidi ya miaka 50 iliyopita Mmarekani Jean Ayres, aliyefanya kazi ya kuwasaidia watoto kumudu shughuli za kila siku, aliandika kuhusu watoto wanaokimbia miguso ambayo wenzao hawaijali. Mwaka 2013, mwongozo wa utambuzi unaotolewa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani uliingiza kuitikia hisia kupita kiasi, au chini ya kiasi, miongoni mwa vigezo vya kutambua usonji. Wala si wenye usonji peke yao. Wapo wagonjwa wa kipandauso ambao ngozi yao haivumilii kuguswa maumivu yanapopanda, na wapo wasio na jina lolote la daktari, waliozaliwa tu na ngozi isiyosahau.

Temple Grandin, profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado na mmoja wa watu wenye usonji wanaojulikana zaidi duniani, aliandika juu ya sidiria katika kitabu chake Thinking in Pictures cha mwaka 1995. Alieleza kwamba sidiria mpya humkwaruza mpaka iwe imefuliwa mara nyingi, na kwamba hupendelea kuigeuza ndani nje kwa sababu mishono humchoma mithili ya pini. Huyu ni mwanamke aliyefanya kazi machinjioni na kwenye mazizi ya ng’ombe, mahali penye vumbi, kelele na hatari. Nani atasema anadeka?

Anayetaka ushahidi wa nyumbani amwangalie aliyewahi kuugua mkanda wa jeshi. Ugonjwa huo hufuata njia ya mshipa wa fahamu, mara nyingi upande mmoja wa kiwiliwili, palepale sidiria inapofungwa. Vipele hukauka, lakini kwa baadhi ya wagonjwa maumivu hubaki kwa miezi, na hata shati jepesi likigusa linaunguza. Sijawahi kusikia mgonjwa huyo akiambiwa azoee. Tunamwamini kwa sababu tuliviona vipele. Basi tumekwisha kukubali kwamba mshipa wa fahamu unaweza kuugeuza mguso mwepesi kuwa maumivu. Tunachokataa ni kumwamini mtu asiye na kovu la kutuonyesha, na kukataa huko hakuna msingi wowote wa kitabibu.

Tena sidiria si nguo kama nguo nyingine. Nimesema vipokezi hunyamaza mguso unapotulia, lakini mguso wa sidiria hautulii. Mkanda wake umezunguka mbavu, na mbavu hupanuka kwa kila pumzi, mara 12 hadi 20 kwa dakika kwa mtu mzima aliyekaa kitako. Ukinyoosha mkono kushika bomba la daladala, mkanda unapanda. Ukiinama kufua, kamba za mabegani zinateleza. Ongeza mishono ya vikombe, lebo ya nailoni, vindoano vya mgongoni, lesi ya poliesta na waya chini ya titi, kisha peleka vyote hivyo Dar es Salaam mwezi wa Februari, jasho likiulainisha mwili na kuifanya kila kona ya kitambaa isugue zaidi. Ngozi iliyo macho haina nafasi ya kuzoea kitu kinachojongea mchana kutwa.

Imani hii ikibanwa hukimbilia kwenye saizi: “Hujapata tu saizi yako.” Hapo nakubali nusu. Ni kweli wanawake wengi huvaa saizi isiyo yao, na kuirekebisha huondoa maumivu mengi. Uzito wa matiti unatakiwa kubebwa zaidi na mkanda wa chini ya kifua. Ukiona kamba zinachimba mabega, huenda mkanda umelegea mno na kazi yake imehamia juu. Mkanda ukibana, panda namba moja na ushuke herufi moja, kwa sababu vikombe vya 34C na 36B vina ujazo sawa. Lakini herufi hizo za A hadi D zilienea miaka ya 1930 kama njia ya viwanda kupanga bidhaa, na hadi leo 36B ya kiwanda kimoja haifanani na 36B ya kingine. Halafu, sidiria iliyokaa sawasawa bado ina lebo, bado ina mshono, bado ina lastiki iliyoachwa wazi ikigusa ngozi. Saizi huondoa mbano. Haiondoi mkwaruzo.

Kimbilio la pili ni uzuri: asiyevaa sidiria matiti yatamlala. Binti hutishwa kwa maneno hayo akiwa na miaka 12. Daktari Brian Rinker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky walichunguza suala la kulala kwa matiti kwa wanawake waliowahi kupata mimba, wakatoa matokeo yao mwaka 2007. Waliyoyaona kuwa na uzito ni umri, idadi ya mimba, uvutaji wa sigara, uzito wa mwili na ukubwa wa matiti yenyewe. Hata kunyonyesha, ambako mitaani ndiko hulaumiwa kwanza, hakukuonekana kuwa na mchango. Hakuna ushahidi thabiti kwamba sidiria huzuia matiti kulala. Mwenye matiti makubwa anayeumwa mgongo, au anayekimbia, ananufaika nayo, na simzuii. Lakini kunufaika ni sababu ya anayeihitaji. Haiwi amri kwa anayeumizwa nayo.

Kimbilio la tatu ndilo zito zaidi kwetu, nalo ni heshima. Hapa nataka kusema waziwazi, kwa sababu heshima ni jambo ninaloliamini. Bibi zetu walivaa shimizi. Walifunga kanga kifuani, wakajitanda nyingine kichwani, wakavaa buibui walipotoka. Dera pana halionyeshi umbo la kifua, na wanawake wengi wa mijini leo hii wakifika nyumbani kitu cha kwanza ni kuvua sidiria na kujifunga kanga, wakapokea wageni nayo bila mtu kuona ajabu. Kusitiri mwili kuna njia nyingi, na sidiria ya vikombe ni mgeni kati yao. Anayemlazimisha binti kuvaa waya kwa jina la heshima ameisahau heshima ya nyumba aliyolelewa. Singilendi nzito ya pamba chini ya sare ya shule inasitiri. Shimizi inasitiri. Hilo ndilo lililotakiwa.

Nao wanaodhani sidiria ni kitu kisichobadilika waitazame historia yake. Mary Phelps Jacob wa New York, alipokuwa akijiandaa kwa dansi, aliiona mifupa ya koseti ikijitokeza kwenye gauni lake jepesi. Akachukua leso mbili za hariri na utepe, vikashonwa pamoja, na tarehe 3 Novemba 1914 akapewa hataza ya Marekani. Mwaka 1977, katika jimbo la Vermont, Lisa Lindahl aliyekuwa akikimbia kwa mazoezi alichoshwa na kamba zinazoanguka na mishono inayochubua. Yeye, Polly Smith na Hinda Miller walianza na vikinga viwili vya nyeti vya wanamichezo wa kiume vilivyoshonwa pamoja, wakapata sidiria ya michezo. Wanawake hao hawakukaa kungoja wazoee. Sidiria tunayoitetea leo ilitokana na mtu aliyekataa nguo iliyomsumbua, na kila ilipoboreshwa ni kwa sababu mwingine alikataa tena.

Kukataa huko kunawezekana hapa kwetu bila fedha nyingi. Lebo ifumuliwe uzi kwa uzi; ikikatwa kwa mkasi hubaki kipande kigumu kinachochoma kuliko mwanzo. Sidiria mpya ifuliwe mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, na isuuzwe mpaka sabuni itoke yote, maana sabuni inayobaki hukakamaza kitambaa. Igeuzwe ndani nje, au ivaliwe juu ya singilendi laini. Mwenye kuchukia vindoano atafute inayofungwa mbele au isiyo na vindoano kabisa, ila aangalie kama ataweza kuivua akiwa ametoka jasho. Muhimu kuliko yote ni kumuuliza mwenye mwili. Wapo wanaoumizwa na mguso mwepesi unaotembea lakini wakatulizwa na mbano imara ulioenea sawasawa, na hao sidiria ya michezo huwafaa. Wapo ambao mbano wowote huwakosesha pumzi, na hao wanataka kitambaa kilicholegea. Ukimnunulia binti yako ile iliyokufaa wewe, unaweza kuwa umemnunulia mateso.

Kwa wauzaji nina ombi, kaka zangu na dada zangu wa Kariakoo na Kongowea. Mteja akisema kitambaa kinamkwaruza, msimjibu kwamba kinavutika. Mwacheni aguse upande wa ndani, aukunje, ausugue kwenye shingo au ndani ya mkono, sehemu ambazo ngozi yake haina ubishi. Wapo wanaotafuta sidiria za mitumba, ingawa Shirika la Viwango Tanzania limekataza nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa kwa sababu za kiafya, na katazo hilo naliunga mkono. Bei ni sababu yao mojawapo, lakini ulaini wa kitambaa kilichofuliwa mara nyingi nao una nguvu. Hiyo ni habari kwa mfanyabiashara yeyote mwenye masikio.

Kwa walimu na matroni, sheria ya sare iseme mwili usitiriwe na iishie hapo. Isitaje aina ya nguo ya ndani, na mwanafunzi asisimamishwe mbele ya wenzake kwa ajili ya kamba ya sidiria. Mtoto anayepigana na mshono tangu asubuhi hana nafasi ya kusikiliza hesabu, na akifeli tutasema hana akili.

Kwa wenye viwanda na mafundi cherehani, kazi ipo. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza, na sehemu kubwa yake inauzwa nje ikiwa bado nyuzi ghafi, huku wake na mabinti zetu wakinunua lesi ya poliesta. Sidiria ya pamba isiyo na waya, saizi ikiwa imepigwa chapa juu ya kitambaa badala ya kushonewa lebo, mishono ikitazama nje na lastiki ikifunikwa, haihitaji mtambo wa ajabu. Inahitaji mtu aamini kwamba wanunuzi wapo. Wapo, na wamefundishwa kunyamaza.

Tuache kuwanyamazisha. Sidiria ni kitambaa, uzi na lastiki, na vyote hivyo hukatwa, hufumuliwa na kushonwa upya. Mishipa ya fahamu ya mtoto haibadiliki kwa kukemewa. Tubadilishe kinachobadilika.